Tovuti ya matangazo inasifiwa lakini hainunuliwi: dalili, vyanzo na la kufanya

Tuchukue mfano mmoja ili tuelewane. Umechora daladala kubwa, ubavu mzima, ukaiweka kwenye tovuti. Kila dirisha linauzwa. Mlango unauzwa, bodi chini ya madirisha inauzwa, na kioo cha nyuma, pale mwenye gari anapoandikaga maneno yake, ndicho ghali kuliko vyote. Mwenye duka akilipia dirisha, nembo yake inakaa hapo mwezi mzima, na anayeligusa anapelekwa kwa mwenye duka. Hakuna habari, hakuna video, hakuna makala. Nafasi yenyewe ndiyo bidhaa. Umelirusha wazo kwenye magrupu, umeomba maoni, na sasa simu imejaa jumbe ambazo ukizisoma zote hujui ubadilishe nini.

Kabla hujagusa chochote kwenye tovuti, gawa jumbe hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la watu waliowahi kutoa pesa yao kwa ajili ya tangazo: aliyelipia posti ya Instagram hata kwa elfu kumi, aliyechapisha vipeperushi, aliyelipa redio, aliyemlipa mtu maarufu amtaje. Fungu la pili ni wengine wote. Hili la pili litakuwa kubwa mno, na maoni yake yana kazi: yanakueleza kama tovuti inafunguka, inaeleweka, inapendeza. Kama inauzika, hayawezi kukueleza. Mkanganyiko mwingi kwenye tovuti za namna hii unaanzia hapo: mtazamaji anaulizwa swali la mnunuzi, naye kwa heshima analijibu.

Dalili: "Wazo kali sana mkuu," halafu kimya

Hii ndiyo inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na ina vyanzo vinavyofanana kwa sura lakini tiba zake ni mbalimbali.

Chanzo cha kwanza ni adabu. Kwetu si rahisi mtu kumwambia rafiki yake usoni kwamba kazi yake haina soko. Atasema hongera kaka, atasema nitakucheki, atasema Mungu akufungulie milango. Ukimuuliza "unaionaje?" umempa nafasi ya kukusifu au kukuumiza, na mtu mstaarabu atakusifu. Kumsihi awe mkweli hakusaidii. Anakuwa mkweli kuhusu rangi ya kitufe. Badilisha swali liwe la jambo lililokwisha kutokea. Mara ya mwisho ulitangaza wapi? Ulilipa shilingi ngapi? Ulijuaje kwamba ile pesa ilirudi? Hapo hakuna wa kuoneana haya, ni historia tu. Mwenye duka la vipodozi Kariakoo akikueleza kwamba hulipa laki moja kwa mtu mwenye wafuasi wengi, na wateja huja wakimtaja yule mtu kwa jina, umeshamjua mshindani wako wa kweli na kipimo anachokitumia mwenye duka. Hakuna sifa yoyote ya daladala yako inayofikia thamani ya jibu hilo.

Chanzo cha pili ni kwamba hakuna aliyeombwa kulipa. Ulisema "naomba maoni", ukapewa maoni. Mwambie mtu huyohuyo, "Dirisha la tatu ni elfu thelathini kwa mwezi, nikuwekee?" Sababu zitaanza kutoka zenyewe: matangazo anashughulikia mke wangu, mbona jirani yangu wa upande wa pili yupo dirisha la nne, hao watu watakuja wangapi, mimi sina tovuti, mtu akibonyeza ataenda wapi? Kila moja ya hizo ni hitilafu unayoweza kuitengeneza, na hakuna hata moja iliyokuwemo kwenye zile pongezi. Kianzio kidogo, tuseme elfu tano ya kushika dirisha, inayorudishwa asiporidhika, kinakueleza zaidi kuliko grupu zima la watu wanaotuma vidole gumba.

Chanzo cha tatu ndicho kigumu: kinachosifiwa ni upya, na upya haununuliwi mara mbili. Kisa cha kujifunzia hapa ni cha Alex Tew, kijana wa Wiltshire nchini Uingereza aliyekuwa na miaka 21 alipofungua The Million Dollar Homepage tarehe 26 Agosti 2005, akitafuta ada ya chuo kikuu. Ukurasa mmoja wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1,000 kwa 1,000, kila pikseli dola moja, kwa vipande visivyopungua pikseli 10 kwa 10, yaani dola 100. Watu wengi wanakumbuka mwisho wake: pikseli 1,000 za mwisho ziliuzwa kwa mnada eBay Januari 2006 kwa dola 38,100, na jumla ikafika dola 1,037,100. Wachache wanaangalia mwanzo. Wanunuzi wa wiki mbili za kwanza walikuwa ndugu na marafiki zake. Pesa ilipofika dola 1,000 alitoa taarifa kwa vyombo vya habari, BBC wakaichukua, vyombo vingine vikafuata, na kuanzia hapo mauzo yakaruka.

Yaani waliolipa dola 100 walikuwa wananunua kiti kwenye habari iliyokuwa inazungumzwa dunia nzima. Pikseli 10 kwa 10 hata nembo haisomeki. Walioiga wakafungua kurasa za pikseli kwa wingi, na nyingi zilikufa, kwa kuwa mwandishi wa habari haandiki "kijana wa pili auza pikseli". Ukiwa na daladala ya kuuza madirisha, swali lako la kwanza kwa mnunuzi linatakiwa kumvua upya huo. Mweleze tovuti bila kutaja daladala: "Ni ukurasa wenye nembo arobaini, unatembelewa na watu kiasi hiki kwa mwezi, wengi wako Dar es Salaam." Akinyamaza hapo, basi daladala ndiyo aliyoipenda, na daladala ameshaiona bure.

Kwenye tatizo hili kutengeneza tovuti peke yake hakutoshi, lazima uipe sababu ya mtu kurudi. Kwa mfano wetu sababu ipo karibu: abiria anataka kujua ruti, vituo na nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanga nauli za daladala, na zinapobadilika watu huzitafuta. Tovuti yenye nauli sahihi za ruti za Mbagala, Gongo la Mboto na Mbezi, iliyochorwa kama daladala yenye madirisha ya matangazo, ina cha kumwambia mnunuzi hata baada ya miezi sita. Picha peke yake haina.

Dalili: wanauliza bei, ukiwajibu wanapotea

Usikimbilie kushusha bei. Angalia kwanza hesabu ambayo mnunuzi anaifanya kichwani. Kama una watembeleaji 3,000 kwa mwezi na dirisha ni 150,000, kila mtembeleaji anamgharimu shilingi 50, na watazamaji elfu moja ni shilingi 50,000. Mtu anayelipia matangazo ya Facebook au Instagram ana takwimu ya aina hiyo kwenye simu yake, kwa hiyo atailinganisha na yako kabla hajamaliza kusoma ujumbe. Fanya hesabu hiyo wewe kwanza. Ikikuumbua, ama shusha bei, ama uza kitu ambacho Instagram haiuzi: kuwa duka pekee la vipuri kwenye ruti ya Tandika, bila mshindani dirisha la pili.

Pale ambapo hesabu imekaa sawa na bado wanapotea, chanzo huwa kwenye malipo. Mteja anaandika Lipa Namba yako, simu inamwonesha jina kabla hajaweka namba ya siri, na jina hilo ni la mtu binafsi asiyehusiana kwa lolote na jina la tovuti. Anasita, anaahirisha, basi. Jina la biashara kwenye Lipa Namba lifanane na lile lililo kwenye ukurasa, au angalau uandike kwenye ukurasa wenyewe jina litakalotokea.

Kwa kampuni, tatizo huwa risiti. Ofisa masoko anaweza kupenda wazo lako na bado mhasibu wake akakataa, kwa kuwa matumizi yasiyo na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yanamletea maneno na TRA. Kenya ni hivyohivyo kwa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya huko: kuanzia Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya mfumo huo yanakataliwa kwenye hesabu za kodi. Ofisa masoko hatakuambia haya kwenye maoni. Atakuambia "bajeti ya robo hii imeisha". Muulize moja kwa moja: ili ofisi yenu ilipe, mnahitaji karatasi gani? Majibu ni orodha fupi, na ukikosa karatasi zilizomo basi soko lako kwa sasa ni wenye maduka wanaolipa kwa simu, si kampuni. Si aibu, ila bei na lugha ya ukurasa vifuate.

Dalili: "Mbona mimi sioni matangazo yoyote?"

Maoni haya hupuuzwa, kwa kuwa wewe ukifungua unaona kila kitu. Yachukue kwa uzito kuliko yote. Programu za kuzuia matangazo hutumia orodha kama EasyList, ambazo hutazama majina. Folda ya picha ikiitwa "ads", faili likiitwa "banner1.png", au kisanduku kwenye msimbo kikipewa darasa (class) la "advert", kivinjari chenye kizuizi kinakificha bila kuuliza kilichomo. Kwenye tovuti ya kawaida hasara yake ni bango moja. Kwako wewe imefutika bidhaa yote, na mtembeleaji anaona daladala isiyo na madirisha.

Badilisha majina: folda iwe "madirisha", faili liwe jina la duka, darasa liwe "kiti" au chochote unachopenda. Hapa Kiswahili kinatusaidia kweli, kwa kuwa orodha hizo kwa sehemu kubwa zimeandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Halafu jaribu kwenye simu ya mtu mwingine yenye Opera Mini. Kivinjari hicho kina kizuizi chake, na kwenye hali ya kubana data sana ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera ndipo utumwe kwenye simu, hivyo vitu vinavyotegemea JavaScript kuendelea kufanya kazi vinakatika. Daladala inayotembea kwenye skrini yako itasimama, au haitatokea kabisa.

Na uzito wa picha. Mchoro wa megabaiti nne ni bando la mtu. Uhifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, uupunguze hadi chini ya kilobaiti 200 kama inawezekana. Kwa mchoro wa rangi bapa inawezekana sana.

Dalili: "Nimegusa hoteli, ikanifungulia duka la vipuri"

Kama umetengeneza daladala kwa picha moja yenye maeneo ya kubonyezwa, chanzo ni hiki karibu kwa uhakika. Ukurasa wa Tew ulitumia mbinu hiyo mwaka 2005, na ilifaa kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Maeneo hayo hupimwa kwa pikseli zisizobadilika. Picha ya upana wa pikseli 1,200 ikibanwa iingie kwenye simu ya upana wa 360, picha inapungua hadi chini ya theluthi lakini maeneo ya kubonyeza yanabaki yalipokuwa. Dirisha la kwanza sasa limekalia madirisha matatu, na la mwisho liko nje ya skrini. Mnunuzi wa kioo cha nyuma amelipa bei ya juu kuliko wote na hakuna kidole kitakachomfikia.

Tiba ni kuchora daladala kwa SVG, aina ya mchoro unaobadilika ukubwa bila kuharibika, na kuweka linki ndani ya mchoro wenyewe, ili vipimo vinywee na kutanuka pamoja. Ukishamaliza hilo, pima ukubwa wa dirisha baada ya kubanwa. Dirisha la pikseli 100 linakuwa 30 kwenye simu hiyo. Apple hushauri sehemu ya kugusa isipungue pointi 44, Google 48. Kwa hiyo kwenye simu daladala haiwezi kuwa ubavu mzima kwa mara moja. Ioneshe nusu, mtu asogeze kwa kidole, au ipange madirisha safu mbili. Na maelezo yanayotokea mshale wa kompyuta ukipita juu ya dirisha, kwenye simu hayapo. Kama jina la duka linapatikana kwa njia hiyo tu, wengi wa wageni wako hawajawahi kulisoma.

Dalili: umeomba maoni, hakuna aliyejibu hata neno

Tuma linki kwenye WhatsApp yako mwenyewe uone inavyofika. Ikifika bila picha, bila kichwa cha habari, anwani tupu yenye herufi zisizoeleweka, hakuna atakayeifungua, maana wote tumeshapokea linki za "umeshinda zawadi". Weka kwenye msimbo wa ukurasa lebo za og:title, og:description na og:image, ndizo zinazoiambia WhatsApp ioneshe kichwa, maelezo na picha gani, usitumie kifupisho cha linki, na kumbuka WhatsApp huhifadhi muonekano wa zamani kwa muda, hivyo ukirekebisha jaribu kwa anwani yenye nyongeza kidogo mwishoni.

Chanzo kingine ni ombi lenyewe. "Naomba maoni yenu wadau" halimhusu mtu yeyote. Mpigie mtu mmoja, au mtumie sauti ya dakika moja, na umpe kazi: "Mama Salma, naomba ufungue hapa ujifanye unataka kununua dirisha la duka lako, uniambie umekwamia wapi." Ukiweza kwenda dukani kwake ni bora zaidi. Kaa pembeni, usimwelekeze, usimshike mkono, usimweleze wazo. Utaumia kumwona akigusa mchoro mara tano mahali pasipo na kitu. Acha agonge. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya namna hii; hata kama kwako ingekuwa pungufu, watano wa kukaa nao wanazidi mamia ya grupu.

Dalili: maoni yote ni kuhusu rangi na fonti

Umewauliza wabunifu. Au umewauliza watu wasiohusika wakatafuta la kusema. Shukuru, rekebisha yanayosumbua macho, endelea.

Dalili: takwimu zako zina watu wengi, mnunuzi anasema hajaona mteja

Wote wawili mnaweza kuwa mnasema kweli. Kwanza, sehemu ya wageni si watu. Roboti za utafutaji na za uchunguzi hupita kwenye kila tovuti, na ukihesabu kwa kumbukumbu za seva bila kuchuja, utazihesabu kama abiria. Tumia kifaa cha takwimu kinachochuja, na ujitoe wewe mwenyewe na mafundi wako kwenye hesabu.

Pili, mgeni kufika kwenye ukurasa si sawa na kuliona dirisha. Kipimo kinachotumika kwenye biashara ya matangazo ni kwamba angalau nusu ya eneo la tangazo lionekane kwenye skrini kwa sekunde moja mfululizo. Ni kipimo cha chini kweli, na bado daladala ndefu inaweza kukikosa: wanaofungua wanaona mbele ya gari, wanacheka, wanafunga. Kama ni hivyo, kioo cha nyuma ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote, na ulikiuza ghali. Panga bei kwa jinsi watu wanavyoona, hata kama kwenye daladala ya kweli ingekuwa kinyume.

Tatu, mguso si mteja. Bango la kwanza lililovuma, la kampuni ya simu ya AT&T kwenye tovuti ya HotWired Oktoba 1994, linatajwa kuwa lilibonyezwa na asilimia 44 ya walioliona. Siku hizi bango la kawaida hupata chini ya asilimia moja. Tovuti yenye mzaha kama yako inaweza kupata miguso mingi kwa kuwa kugusa ni mchezo, na mchezaji hana haja ya vipuri. Usimwahidi mnunuzi wateja kutokana na miguso.

Sasa, jinsi ya kumfanya mnunuzi aone mwenyewe. Wenye maduka wengi hawana tovuti wala hawasomi takwimu, ila WhatsApp wanaisoma kutwa. Dirisha lake liwe linki ya wa.me, inayofungua mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja, yenye namba yake na ujumbe uliokwisha kuandikwa: "Habari, nimeona duka lako kwenye daladala." Mteja anatuma, mwenye duka anausoma na kujua umetoka wapi. Huhitaji kumshawishi kwa grafu. Kwa mwenye tovuti yake, ongeza utm_source, alama inayoonesha mgeni ametokea wapi, kwenye linki ili fundi wake akuone kwenye hesabu zao. Baada ya hapo akisema hakuja mtu, ni kweli hakuja mtu, na mnaweza kuzungumza.

Dalili: wanaojitokeza kununua ni kamari na mikopo ya haraka tu

Hao hununua popote palipo na bei ndogo, kwa hiyo ujio wao si ushahidi kwamba wazo limekubalika. Kwa mikopo uwe mwangalifu hasa: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na kibali. Omba leseni kabla ya kupokea pesa. Wapo pia wanaotaka linki tu ili tovuti zao zipande Google; kwa kanuni za Google linki iliyolipiwa inapaswa kuwekewa alama ya rel="sponsored" au nofollow, na usipofanya hivyo tovuti yako ndiyo inayoweza kuadhibiwa kwenye matokeo. Ukiweka alama hiyo watakimbia. Waache.

Angalia pia upande wa pili: dirisha moja la kamari linaweza kuwa ndilo linalomfukuza mwenye duka la vitabu vya dini au shule ya awali. Muulize kabla hujaamua kwamba bei ndiyo tatizo.

Dalili: maoni yanapingana

Mmoja anasema punguza madirisha, mwingine anasema ongeza. Rudi kwenye yale mafungu mawili. Mara nyingi utakuta anayetaka machache ni mnunuzi, kwa kuwa hataki kumezwa, na anayetaka mengi ni mtazamaji, kwa kuwa anapenda kuchunguza. Wote wana haki, ila mmoja tu ndiye anayelipa. Mpe mnunuzi uchache kwa kuweka daladala nyingi, kila ruti na gari lake, badala ya gari moja lenye madirisha mia. Pale wanunuzi wenyewe wanapopingana, usipige kura. Tazama nani kati yao alilipa.

Dalili: mnunuzi wa kwanza hakurudi mwezi wa pili

Mpigie kabla mwezi haujaisha, si baada. Muulize alipata jumbe ngapi, na umweleze wewe ulichokiona kwa takwimu, hata kama ni kidogo. Kagua pia linki yake: duka limehama, namba imebadilishwa, ukurasa wa Instagram umefungwa. Hili hutokea haraka kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa maktaba ya Shule ya Sheria ya Harvard walipoupitia ukurasa wa Tew mwaka 2017, kati ya linki 2,816 walikuta 547 hazifiki popote. Dirisha linalopeleka watu kwenye ukurasa mtupu linaharibu na majirani zake, maana aliyegusa moja bovu hagusi la pili.

Kama katikati ya mwezi tovuti ilianguka, usingoje alalamike. Tew mwenyewe Januari 2006 aliangushiwa ukurasa wake kwa takriban wiki nzima na wahalifu walioisonga seva kwa maombi bandia wakitaka awalipe, kwanza dola 5,000, kisha 50,000, hakulipa. Weka huduma ya kinga kama Cloudflare mbele ya seva tangu siku ya kwanza, ngazi yake ya bure inatosha kuanzia. Ikianguka hata hivyo, hesabu siku zilizopotea, ziongeze mwishoni mwa mkataba wa kila mnunuzi, na umtumie ujumbe wenye tarehe mpya ya kuisha kabla hajakuuliza.